Vidole vya Kuruthumu

Kuruthumu alifungwa mwaka mzima kwa kupika gongo, akatoka, akarudi Mabamba kulima na kuuza ndizi. Kifungo kiliisha, maneno hayakuisha. Siku ya uchaguzi wa kitongoji, mwaka 2014, shemeji yake Haidari, mume wa dada yake, alimtoa kwenye foleni mbele za watu. "Mfungwa hana kura." Naye, mwanamke mwenye akili zake timamu, akaamini, akaenda zake.

Mwaka uliofuata wakimbizi walimiminika kutoka Burundi, na huku mpakani kila Muha, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinafanana, akawa anaulizwa kwao ni wapi. Mwenye kadi ya mpiga kura aliionyesha akapita. Kuruthumu alikwishakosa kura. Sasa aliogopa kukosa na nchi. Lakini mashine mpya za kuandikisha wapiga kura zilichukua alama za vidole, na vidole vyake vyote polisi walikwishavichukua. Aliamini mashine ikimgusa tu itamtambua, ipige kelele.

Alikwenda hivyo hivyo, roho mkononi. Haidari alikuwa nyuma yake, anachekea kiganjani.

Akabandika vidole. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa.

"Nilifungwa," akamwambia mwandikishaji, binti aliyetoka Kibondo mjini. Afadhali kusema mwenyewe kuliko kusemewa.

"Kifungo ulimaliza, mama?"

"Nilimaliza."

"Basi kimekwisha. Kura ni haki yako. Mashine hii haijui jela, inatafuta mistari ya vidole tu. Unamenya ndizi?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Ni utomvu huo, umeziba mistari."

Binti akampa kipande cha ndimu na kitambaa. Kuruthumu akasugua kama anayesugua sufuria iliyoungua, akabandika tena. Mashine ikakubali. Kadi ilitoka ingali ya moto, yeye pichani kakunja uso kama hakimu, na furaha ikampanda hata akasahau kuondoka.

Ikaja zamu ya Haidari, mkata mikungu ya ndizi, asiyewahi kulala mahabusu hata siku moja. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa.

Watu wote wakamgeukia Kuruthumu. Hakucheka. Alimsogezea shemeji yake kile kipande cha ndimu.

"Sugua, shemeji," alisema. "Kisha utuambie wewe ulifungwa gereza gani."