Ziwa la Mbuzi wa Louise

Generose Kaneza, binti Havyarimana wa Mutarule. Baba yake alichimba mfereji uliopeleka maji kwenye mpunga wa Bwegera. Nyanya yake alivusha mbuzi mto Ruzizi ukiwa umejaa, na hakuzama hata mmoja. Generose mwenyewe aliitwa kila nyumba mbuzi akitaka kuzaa. Alipenda kuitwa, na alipenda zaidi kuwasuta wasiojua.

"Mbuzi mwenye mimba hanyonyeshi mpaka mwisho," aliwaambia. "Ikibaki miezi miwili azae, mpake mavi kwenye chuchu, mwana wake umfunge mbali. Ziwa likauke, lipate kujaa upya. Ama mnataka wanaokuja wanyonye ngozi?"

Vita vya pili vilipofika kwenye uwanda wa Ruzizi, jirani yake Louise alikimbilia Burundi. Akamwachia mbuzi wake, mwenye mimba, na mwanambuzi jike bado ananyonya.

"Mama, hii njo mali yote imenibakia."

Generose alimwachisha yule mwanambuzi kama alivyofundisha siku zote. Lakini ndani mlikuwa na Josée, mjukuu wake, ambaye mama yake alikufa kwa homa mafichoni. Ng'ombe walikuwa wamechukuliwa na askari. Mtoto alilia hadi sauti ikamwisha. Na kwetu maziwa ya mbuzi hayanywewi. Mwenye kuyakamua huchekwa mpaka kaburini. Generose alichuchumaa nyuma ya nyumba, akapangusa yale mavi, akakamua kwenye kikombe cha Josée. Kesho yake tena. Ziwa halikukauka.

Mbuzi akazaa wawili. Yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano, hayakuonekana. Yalitoka maji tu. Mmoja akafa, wa pili akabaki hawezi kusimama.

Louise akarudi siku chache baadaye.

"Mama, si weye ulitufundishaka? Imekuwaje?"

"Ni kale kabuzi kakubwa," Generose akasema. "Kalikuwa kanakata kamba, kananyonya kwa wizi."

"Mwizi sifugi minye. Lete kisu, leo tunakachinja."

Generose akakileta. Josée, aliyeanza tu kutembea, alipowaona karibu na mbuzi akachukua kikombe chake, akachuchumaa penye miguu ya nyuma ya mnyama, akakiweka chini ya ziwa, akangoja.

Louise alimtazama mtoto, kisha kisu mkononi mwa Generose.

"Kumbe mwizi iko na miguu miwili, Mama."

Generose alitaka kutaja njaa, kutaja homa. Akakiweka kisu chini. Kuchekwa angevumilia, kilichomuuma ni kale kabuzi alikotaka kafe kwa kosa lake.

"Ungesema tu," Louise akasema polepole. "Na minye kule nilikula vitu sitavitaja."

Generose akamsogezea yule mwanambuzi mchanga mapajani.

"Mshikie chuchu mpaka apate nguvu. Kale kakubwa usikaguse, hakana kosa. Na wakija kuniita kwa mbuzi wao, binti yangu, nitawaonyesha mlango wako. Uende weye."