Madaftari ya Warusi Niliyoyabeba Shimoni

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Msimamizi wa Kambi alinionyesha kibanda cha mabati huko porini Geita. "Bwana Masanja, wewe ni karani wa sampuli. Panga mawe, andika namba, basi. Madaftari ya Warusi usiyaguse, ni mali ya serikali." Nikaitikia ndiyo mzee. Nilikuwa mwoga sana wa wakubwa.

Warusi walikuwa wakichoronga, yaani kutoboa ardhi kwa mtambo na kutoa vipande vya mwamba virefu, mfano wa miwa iliyokatwa, ili kutafuta dhahabu. Kila kisanduku cha mawe kilikuwa na karatasi ya maelezo. Herufi zao za chapa nilizijua upesi kwa kusoma makasha ya vipuri. Mwandiko wa mkono ndio ulionitoa jasho. Herufi zimeshikana, na t yao ukiiona utaapa ni m yetu. Kila mchana wenzangu wakila, mimi nilinakili karatasi zile nyuma ya fomu zilizoharibika, mpaka mkono ukazoea.

Matamshi nilimwigiza Fundi Mchorongaji, Mrusi mcheshi aliyependa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo mke wangu alinifungia kutoka nyumbani Segese. "Masanja, ulimi nyuma! Bado Kisukuma!" Kuna sauti yao moja hutoka kama ya mtu anayeinua gunia. Nilipokwenda nyumbani likizo nilikuwa nikiifanyia mazoezi mbele ya kioo, Mama Kulwa akaniuliza, "Baba Kulwa, unaumwa koo au umelogwa?"

Fundi ndiye aliyenifungulia daftari lake nijaribu kusoma. Nilikuta orodha ya mashimo yaliyotoa maji badala ya dhahabu, wakayaziba. Moja lilikuwa upande wa kwetu Segese, maji matamu, mengi. Vipimo vya kuonyesha mahali penyewe vilikuwa kurasa za mbele. Kabla sijazifikia, mkataba wao ukaisha, wakaondoka na kuyaacha madaftari kambini.

Akaja Ofisa Mkuu mpya kutoka Shinyanga. Akatukusanya, akainua daftari moja. "Nani anaweza kusoma haya?" Msimamizi wa Kambi alikuwa kando yake, anatutazama mmoja mmoja. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Niliogopa kuulizwa nani aliniruhusu.

"Basi takataka. Chomeni tupate nafasi."

Niliyabeba mimi mwenyewe hadi kwenye shimo la taka, safari tatu.

Baadaye nilihamishiwa ofisini Shinyanga, nikapandishwa cheo, na nilipostaafu mwishoni mwa miaka ya themanini wakanisifu kwa utii. Sifa ile inaniuma mpaka leo. Vijana mnaoanza kazi, mkijua jambo lisemeni, hata kama mkubwa atakasirika.

Niliporudi Segese nilimkuta Mama Kulwa bado anafukua mchanga wa korongo kutafuta maji, kama alivyofanya tangu nilipomwoa. Kiangazi kimoja nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Akatua ndoo chini.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

Aliisukuma ndoo mpaka miguuni pangu. Kisha akasema, "Basi kuanzia kesho utachota wewe."

Ninachota mimi hadi sasa. Wanawake wa korongoni huniamkia shikamoo, wananipisha nitangulie kwa kuwa mimi ni mzee. Kuitikia marahaba ninaona aibu.