Mutafsiri wa Filamu pale Kituku

Nina maoni juu ya kila kinachoimbwa au kuonyeshwa, na sijawahi kungoja kuombwa niyatoe. Wimbo unaotaja majina ya matajiri kuliko jina la mpenzi anayeimbiwa, kwangu huo si wimbo, ni orodha. Tamthilia ambayo mtu anapoteza kumbukumbu kila wiki, naizima. Kitabu kinachomhurumia muuaji kuliko aliyeuawa, nakirudisha kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Rafiki zangu hapa Goma wameshanizoea. Wakiniona naingia husema, "Hakimu amefika," nami nakaa.

Iko filamu moja tu ambayo huwa siizungumzii.

Karibu na soko la samaki la Kituku kulikuwa na chumba cha video, mbao na mabati, na viti vya plastiki. Filamu zilikuja kwa Kifaransa, na wengi wetu pale hawakukisikia. Kwa hiyo mbele alikaa mutafsiri, mzee mwembamba mwenye kipaza sauti, akipunguza sauti ya filamu na kutueleza kwa Kiswahili chetu kila kilichosemwa. Alikuwa fundi kwelikweli. Mfalme wa Ulaya akikasirika, kinywani mwa yule mzee aligombana kama muuza samaki. Ila alipenda kuongeza chumvi, na hilo lilinikera. Mimi nilishikilia kwamba filamu isemwe ilivyo, basi.

Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda pale na mama mudogo, mdogo wake mama yangu, aliyenilea tangu tulipohama Bukavu. Binti yake wa pekee alifanya biashara ya maharage. Alipanda pikipiki kwenda mji wa Kiwanja kununua mzigo, wiki ileile vita vikafunga barabara, na tangu hapo hatujapata simu yake wala mtu aliyemwona. Padri alimshauri mama mudogo aombe misa ya marehemu. Alimjibu kwa heshima kwamba misa ya marehemu inataka marehemu.

Ndipo ikaja ile filamu. Ilionyeshwa kwanza Jumamosi, mimi nikiwa kazini. Mama mudogo aliitazama peke yake, akarudi nyumbani, akapika kama kawaida. Kesho yake tukaenda wote. Mama mmoja anazunguka nchi yenye vita akimtafuta binti yake. Mwishoni anafika kijijini, mwanaume mmoja anamwambia maneno machache na kumpeleka mlimani, na mama yule anapiga magoti juu ya udongo. Mutafsiri akasema, "Anamuambia: binti yako alilala hapa, jana akaendelea na safari. Mama anamushukuru Mungu." Mama mudogo akashusha pumzi. Jumapili iliyofuata aliomba irudiwe, na iliyofuata tena.

Kisha nikaipata filamu hiyohiyo kwenye kompyuta ya ofisi yetu, mtaa wa Himbi, na safari hii nikasikia Kifaransa chenyewe. Yule mwanaume anasema, "Tulimzika hapa." Hasira ikanipanda. Nilimwona yule mzee anacheza na moyo wa mama mudogo, anamlisha uongo kila Jumapili.

Jumapili ya nne, mutafsiri alipofika pale mlimani, nikasimama. "Muzee, unadanganya watu. Ile ni kaburi. Binti alikufa."

Nilitegemea watu washangae, wamzomee. Hakuna aliyeshangaa. Mutafsiri alimtazama mama mudogo, kisha akaweka kipaza sauti chini.

Mama mudogo alitoka, nikamfuata hadi ufukweni, penye mitumbwi. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

"Jumamosi ile muzee alisema vile iko," akaniambia. "Chumba chote kilisikia. Watu walipotoka, mimi nikabaki. Nikamuomba abadilishe. Akakataa, akasema kazi yake haiko vile. Nikamuelezea juu ya mutoto yangu, akakubali." Alikuwa anatazama maji, si mimi. "Kila fasi, kila pahali nakwenda, wananiambia ukweli. Kwa parokia, kwa majirani, na wewe pia kwa macho yako. Nilitaka fasi moja tu."

Niliona haya, na hata ninapoandika haya naona haya. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi yule mzee. Alinipa kiti, akasema Kifaransa changu ni kizuri, ila niwe naangalia nani amekaa kando yangu. Mama mudogo hakurudi tena pale. Vita vilipofika mjini chumba kikafungwa, na yule mzee akapanda boti na jamaa yake. Sijui walifikia wapi.

Maoni yangu sijayaacha. Bado nasema filamu isemwe ilivyo, na bado nagombana na watu juu ya hilo.

Pasaka hii mama mudogo alikuja kukaa karibu yangu, nikiwa na kompyuta mapajani. Akauliza kama ile filamu ningali nayo. Nilikuwa nayo. Tuliitazama yote kwa Kifaransa, maana yeye anakisikia kidogo. Mwanaume wa kijijini alipotokea, akanigusa mkono.

"Zima sauti. Unitafsirie."

Nikazima. Yule mama akapanda mlima, akapiga magoti.

"Anamuambia binti alilala hapa," nikasema. "Ametoka jana."

"Jana saa ngapi?"

"Asubuhi, mama."

Aliitikia kwa kichwa polepole, macho kwenye kioo.

"Basi hajafika mbali," akasema.