Mafuta ya Alizeti Kwenye Breki

Nilizipaka breki za baiskeli mafuta ya kula. Nalisema mapema, usije ukapoteza huruma yako kwa mtu asiyestahili.

Nyumbani kwetu Kilosa, kinacholia kinapakwa mafuta ya alizeti. Mlango ukilia, mama anachovya unyoya wa kuku kwenye chupa, anapaka bawaba, kelele kwisha. Cherehani hivyo hivyo. Sasa baiskeli yangu ya gia kila nikikamata breki ilikuwa inalia kama mbuzi aliyeshtukia kuwa Idi imefika. Wewe ungefanya nini?

Baiskeli yenyewe nilipewa na mjomba, anayefanya kazi kwenye hoteli moja Mikumi. Alinipa kwa sharti: "Siku nikija nikaikuta mbovu, narudi nayo." Jumamosi hiyo akapiga simu, yuko njiani. Bila baiskeli ile mimi ni mwanafunzi wa kutembea kwa miguu tu, kama wengine.

Nikaipindua, magurudumu juu. Nikasugua cheni kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, nikaikausha kwa tambara, nikaitia oili kidogo. Hadi hapo nilikuwa fundi. Halafu nikachukua unyoya. Nikapaka mipira ya breki pande zote, na ringi nikaizungusha taratibu mpaka ikang'aa. Nikakamata breki: kimya. Nikajipongeza, nikaingia ndani kunywa uji.

Niliporudi, jirani yangu, tunayesoma naye darasa moja, alikuwa ameegemea ua wetu anatafuna muwa wa Ruaha. Siku zote hizo ananiomba baiskeli, nami namnyima. Leo ananitazama kichwani, anatabasamu. Mtu aliyenyimwa hatabasamu bure. Nikaliweka hilo moyoni.

Nikapanda, nikaanza kushuka kimteremko cha kuelekea uani. Nikakamata breki. Hakuna kitu. Nikakamata zote mbili, baiskeli ikazidi mbio kana kwamba nimeisifia. Nikapita katikati ya turubai alipoanika mpunga mama, kuku wakatawanyika, nikaishia kwenye ua wa mabua.

Jirani alicheka mpaka muwa ukamtoka mdomoni.

"Umezifanya nini breki zangu?" nikamuuliza, bado niko chini.

"Mimi? Oya, mimi nimekuja kutazama tu."

"Kutazama nini? Ulijua nitaanguka?"

"Wewe ukipanda, cha kutazama hakikosekani."

"Lete vidole!"

Nikavinusa. Sukari tupu. Ndiyo nikazidi kumshuku: huyu kajipaka muwa makusudi, aue harufu ya ushahidi.

"Mwana, ukimaliza kuninusa," akasema, "angalia nyuma yako."

Nyuma yangu alikuwa mama. Hakuuliza nimeumia wapi. Ameshika chupa ya alizeti, anaiinua kwenye jua kuona imebaki kiasi gani. Kumbe naye alikuwa na mtu wake anayemshuku.

Na mjomba ndiyo anaingia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona una mpunga mpaka puani?"

Nikawahi: "Kuna mtu ameichezea baiskeli," nikamwonyesha jirani kwa kidevu. Jirani akatoa shikamoo tamu kuliko muwa wake.

Mjomba akapitisha kidole kwenye ringi, akakinusa, akamsogezea mama. Mama akanusa kidole, akanusa chupa, kisha akaninusa mimi. Halafu akanyoosha mkono, akachomoa ule unyoya niliouchomeka nyuma ya sikio langu nikausahau.

"Cheni ndiyo inayotaka mafuta, mjomba," mjomba akaniambia kwa huzuni, kama anatoa pole msibani. "Breki zinataka kuwa kavu. Hapa ringi ioshwe kwa sabuni, ikauke kabisa. Mipira isuguliwe kwa msasa, ikikataa itafutwe mingine." Akashika usukani. "Haya. Si tulikubaliana?"

Nikamtazama mama kwa macho ya yatima. Mama akautazama mpunga, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Kaka," akasema, "baiskeli haijakosa kitu, iache hapa. Ondoka na huyu."