Debe la Maji la Thumni

Hesabu ya aibu yangu mpaka leo ni shilingi mia nne arobaini na nne (nimezihesabu mara mbili, na mara ya pili nilitumaini zitapungua), kibuyu kimoja kikubwa, na uso wangu mbele ya baba mkwe, ambao sijui ni wa bei gani. Yote hayo yalianza na thumni.

Gari lenyewe, gari dogo la mizigo lililokwisha kutumiwa na watu watatu kabla yetu, tulilinunua kwa shilingi elfu moja na mia mbili, nusu yangu na nusu ya baba mkwe, Mzee Masanja wa Kolandoto, aliyeuza ng'ombe sita kwa sababu nilimwahidi kwamba mchele ukifika kwa wachimba dhahabu wa Geita, sita watarudi kumi. Safari ya kwanza nikatoka nyumbani Tinde kwenda Shinyanga kuongeza magunia, na mke wangu, Mama Kulwa, akanipa kibuyu cha togwa nimpelekee mama yake. Njiani rejeta ikachemka. Akapita mama mmoja na debe la maji kichwani, akataka thumni. Nikampa bei ya senti kumi.

"Kisima kiko kule, baba," akasema bila kusimama. "Hatua elfu mbili. Nenda kazihesabu."

Ningeenda, lakini nani angelinda magunia? Nikakitazama kibuyu. Togwa ni maji, nikajiambia, mtama umo kidogo tu. Nikaimimina yote ndani ya rejeta. Gari likaenda maili sita likinukia uji, kisha injini ikakoroma, ikanyamaza. Shinyanga niliingia nikivutwa na ng'ombe wanne, shilingi moja kila kichwa, ndani ya gari lililonunuliwa kwa ng'ombe sita. Mama mkwe nikampelekea salamu kwamba kibuyu kimevunjwa na mashimo ya barabara.

Sasa fundi. Fundi akijua una shida, bei hupanda (mimi mwenyewe ndivyo ninavyouza mchele), kwa hiyo nikamwambia Fundi Abdala gari si langu, nafikiria kulinunua, anitajie gharama ya kuifumua injini na kuiunda upya, nijue kama inafaa au ni chuma chakavu. Akafungua, akachungulia: hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, pistoni mbili zimechubuka, na bloku, mwili wenyewe wa injini, bado hajui kama ina ufa. Mia nne na ishirini.

Nikaanza kazi niijuayo. Nikaliponda gari, nikamponda na mwenyewe, kwamba ni bahili aliyeinyima injini yake maji ya thumni, kwamba mtu wa namna ile hafai kupewa hata baiskeli, na watu wakakusanyika wakicheka, na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyoongeza. Bei ikashuka mpaka mia tatu na themanini. Ndipo fundi akachomoa mpira wa chini wa rejeta, na badala ya maji ukatoka uji mzito, taratibu, kama hauna haraka ya kuniaibisha. Akaunusa.

"Togwa," akasema.

"Si nimekwambia mwenye gari ni mjinga?"

"Nusu ya mjinga huyo ni mimi," sauti ikasema nyuma yangu.

Mzee Masanja. Habari za gari linalovutwa na ng'ombe zilikuwa zimefika Kolandoto. Nikainama mpaka kofia ikadondoka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, Baba Kulwa. Mama yako alisikitika kusikia kibuyu kimevunjika. Kumbe togwa ilifika salama."

Fundi akarudi mia nne na ishirini, akaongeza ishirini ya kuosha uji.

Mzee hakugomba. Alimuuliza fundi kama anayenunua ng'ombe mgonjwa mnadani: "Akitibiwa, atakamuliwa miaka mingapi?"

"Bloku ikiwa haina ufa, miwili, mzee. Akinyweshwa maji."

Kuna mchuuzi wa Geita anayelitaka lilivyo, kwa vipuri, shilingi mia tatu. Fungu la Mzee ni mia na hamsini, yaani ng'ombe mmoja na nusu, na huyo nusu nimemhesabu mara mbili, hatembei. Nikiunda, ufa wa bloku hautajulikana mpaka injini ifumuliwe, na fundi hafumui mpaka apewe nusu ya fedha. Mzee amenipa mpaka siku ya mnada. "Sitaki gari wala noti," alisema. "Nataka ng'ombe sita. Njia chagua wewe."

Maji siku hizi nayanunua kwa thumni bila kufungua mdomo. Lakini ninyi mliowahi kufumua injini, nishaurini: niunde au niuze? Ila majibu yaleteni nyumbani Tinde. Msiyaache kwa fundi, maana kila nikipita pale huniuliza, mbele ya watu, kama mwenye gari amepatikana.