Wasiozaliwa Ufipa

Mwaka 2004, wanunuzi binafsi walipokuwa wakigombania maharage ya Ufipa, chama kimoja cha wakulima upande wa Msanzi kilitaka tovuti. Kikamwendea Redempta, mpiga chapa wa Sumbawanga mjini, aliyejifunza kompyuta mwenyewe kwa kuharibu na kutengeneza. Majina sitini ya wanachama aliyatia kundi moja, akaliita mwanachama, kisha akaandika kanuni moja tu: herufi nene, rangi nyeusi. Ukiigusa kanuni hiyo, majina yote sitini yanabadilika papo hapo.

Mzee Gaudensi, mwenyekiti, alikuja kukagua akiwa na daftari la chama kwapani.

"Umefanya vizuri, dada. Ila hawa wageni watie kijivu. Mnunuzi amjue mwenyeji ni nani."

"Wageni gani, mzee?"

"Wasiozaliwa Ufipa. Akina Mboje."

Damu ilimchemka Redempta. Eti mgeni! Mboje alihamia na ng'ombe wake miaka kumi na minane iliyopita, na hadi leo ng'ombe wake ndio wanaolima shamba la huyu aliyekaa hapa anajikuna kidevu. Mnunuzi akiona jina limefifia atadhani mtu ameshafukuzwa, atamruka, na maharage ya mwaka mzima yatamdodea. Kwa kosa gani hasa? Lakini hakubishana. Aliomba daftari.

Akaunda kundi la pili, mgeni, lenye kanuni yake: rangi ya kijivu. Akashuka na safu ya mahali pa kuzaliwa, akisoma kwa sauti, na kila asiyezaliwa Ufipa akambandika neno hilo. Mboje, Shinyanga. Masunga, Kwimba. Gaudensi, Mbala.

"Mbala si Zambia, mzee?"

Mzee aliinama kulitazama daftari. Baba yake alikuwa kibarua huko, na Msanzi nzima inajua. Juu kabisa ya ukurasa, jina la mwenyekiti lilikuwa limepauka kama kanga kuukuu.

"Nitoe hapo."

"Mmoja simtoi. Nikiifuta kanuni mnatoka wote, nikiiacha mnabaki wote."

Gaudensi alilichukua daftari lake, akalirudisha kwapani. "Futa," alisema.

Redempta akaufuta mstari mmoja wa kanuni ya kijivu, na jina la mzee na la Mboje yakarudi meusi kwa pamoja. Mzee akaondoka bila hata asante. Lakini neno mgeni Redempta hakulitoa kwenye majina. Lilibaki ndani ya ukurasa, lisiloonekana na msomaji. Siku mzee akirudi kudai kijivu chake, kitampausha na yeye bega kwa bega na Mboje.