Swali la Mtumbwi wa Watu Sita

Nakumbuka asubuhi moja pale Kivukoni, mto umejaa mpaka matete yamebaki vichwa tu, kaka yangu Mponda akija kutoka Ifakara anatembea kama mtu aliyepigwa. Mimi nilikuwa ndani ya mtumbwi, upondo wa kusukumia mkononi. Nikamwita kwa mbali, "Mwalimu! Mwalimu wangu, karibu!" Nilikuwa namtania, lakini pia nilikuwa na uhakika. Akafika, akakaa kwenye gogo la kufungia mtumbwi, akasema, "Nimeanguka. Kwa swali moja."

Mwanangu, nimesikia wewe na wenzako mmeangushwa kwenye mtihani wa kuajiriwa ualimu, na mnataka kwenda mahakamani kwa sababu maswali yenyewe yalikuwa mabovu. Wamekuja watu wawili hapa kwangu kunisihi nikukataze. Sikukatazi. Nenda. Lakini kaa kwanza unisikilize, maana shauri kama lako nililibeba mimi nikiwa binti, tena mbele ya Mjerumani, na nusura nilizamishe kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Maji Maji. Baba yetu alikuwa mvushaji wa watu pale mtoni. Alikunywa ile dawa, akapanda na wenzake kwenda kulipiga boma la Mahenge, hakurudi. Njaa iliyofuata ikamchukua mama. Tukabaki mimi na Mponda kwa shangazi, dada yake baba. Mponda akapelekwa shule ya serikali, mimi nikashika upondo wa baba. Watu walicheka, binti anavusha wanaume! Nikawaambia anayeona aibu aogelee, mamba wapo, watampokea. Walipanda.

Sasa jua jambo hili. Kijana aliyemaliza shule alikuwa na njia mbili tu. Akichaguliwa ualimu, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wapagazi ya akida, mkuu wetu aliyewekwa na Wajerumani. Asipochaguliwa, anakuwa mpagazi, anabebeshwa mizigo ya boma mpaka pwani. Waliokwenda pwani na mizigo wengi hatukuwaona tena. Ndiyo maana Mponda alikuwa amekaa kwenye gogo hana hata nguvu ya kuchomoa miguu yake kwenye tope.

"Swali gani hilo?" nikamuuliza.

"La mtumbwi."

"Mtumbwi? Wewe uanguke kwenye swali la mtumbwi?"

Akanisomea kwa kichwa. Mtumbwi mmoja hauchukui zaidi ya watu sita. Watu kumi na wanane wanataka kuvuka mto. Wote watakwisha kuvuka kwa safari ngapi?

Nikamjibu papo hapo, "Nne."

"Ndiyo nilivyoandika. Na wenzangu wawili wa huku bondeni nao wakaandika nne. Mwalimu mkubwa aliyetumwa kutoka pwani kututahini anasema ni tatu. Anasema kumi na wanane gawa kwa sita. Aliyeandika tatu ni Salehe peke yake, mpwa wa karani wa akida. Amechukuliwa yeye."

Nilicheka, mwanangu, kisha kicheko kikanikauka. Tatu! Na nani anaurudisha mtumbwi? Mtumbwi si mbwa, humpigii mluzi ukaja wenyewe. Katika hao sita mmoja lazima awe mvushaji, arudi nao. Kwa hiyo kila safari wanashuka watano tu. Watano, watano, watano, na waliobaki. Nne. Mtoto yeyote wa Kivukoni anajua hivyo kabla hajaota meno ya mbele. Swali liliandikwa na mtu aliyevushwa maisha yake yote, na hakuwahi hata siku moja kugeuka nyuma kumtazama anayemvusha.

Mponda alikuwa mpole, lakini siku ile alikaza taya. Akasema atakwenda barazani kwa akida kudai swali lile litazamwe upya. Jirani zetu waliposikia wakashika vichwa. "Mmesahau waliotundikwa kule Mahenge? Mnataka tuitwe waasi kwa ajili ya mtumbwi?" Shangazi alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. Akasema tu, "Kijana anauliza hesabu. Hajashika mkuki. Mwacheni aende."

Hapo ndipo nikafanya ujinga wangu.

Niliona jambo la kaka yangu ni dogo mno kwa hasira niliyokuwa nayo. Swali bovu! Nani atajali swali? Nikataka kitu chenye harufu. Nikaanza kusema, kidogo kidogo, huku nasukuma upondo, kwamba yule mtahini alipelekewa kapu la kambale wakavu na mjomba wake Salehe. Sikuona kambale. Sikuona kapu. Nililitunga mwenyewe kutoka ukingo huu mpaka ule. Na mvushaji, mwanangu, akisema neno asubuhi, jioni limefika kila kijiji, maana kila anayeshuka anashuka nalo. Siku ya pili abiria wakawa wananisimulia mimi habari yangu mwenyewe, na kapu limekuwa makapu mawili. Nilijiona nina akili sana.

Siku ya baraza Mponda akasimama, akaeleza swali vizuri, kwa adabu, neno kwa neno. Akida alikuwa anasikiliza. Nakuambia alikuwa anasikiliza, nilimwona akihesabu kwa vidole. Kisha karani akainama, akamnong'oneza. Akida akakunja vidole vyake.

"Na hii habari ya samaki? Ni nani aliyewaona?"

Watu wote wakanigeukia. Mponda hakujua chochote, alinitazama kama mtu anayeamka. Ningeweza kukaa kimya. Nikasema, "Mimi niliwaona."

"Kapu la ukindu au la matete?"

"La ukindu."

"Liliingia kwa mlango gani?"

"Wa... wa mbele."

Mtahini, mtu mzima mwenye kanzu safi, akasema polepole, "Nyumba niliyofikia mlango wake wa mbele umepigwa misumari tangu mvua zianze. Tunapita nyuma. Kila mtu hapa anajua."

Baraza likaangua kicheko. Mzee mmoja akaniambia, "Binti, samaki wako wamerudi mtoni." Akida hakucheka. Akasema ndugu wa mwongo naye ni mwongo, shauri limekwisha, na Mponda ataondoka na wapagazi msafara ujao. Siku kumi na mbili.

Tulirudi nyumbani. Mponda hata hakunigombeza. Angenipiga ningeona nafuu.

Shangazi ndiye aliyeniita. Akanikalisha kwenye mkeka, akaniambia maneno ambayo sijapata kuyasikia kwa mtu mwingine tangu hapo.

"Unajua baba yako alikufa kwa nini?"

"Kwa risasi, shangazi."

"Risasi ilimpiga. Lakini alikufa kwa kitu kingine. Viboko vilikuwa vya kweli. Mashamba ya kulimishwa kwa nguvu yalikuwa ya kweli. Kila alichokilalamikia kaka yangu kilikuwa kweli tupu. Akaja mtu akaongeza hapo uongo mmoja, kwamba ukinywa maji haya risasi itageuka maji. Uongo ule mmoja ukawapeleka kifua wazi mbele ya bunduki, yeye na wenzake na kweli yao yote. Sasa na wewe ulikuwa na neno moja zito, la kweli, ukalinywesha dawa. Umemtoa kaka yako kifua wazi."

Nililia. Akaningoja nimalize.

"Umemaliza? Simama. Kesho utawaambia wote uliowavusha kwamba samaki uliwatunga wewe. Utaanza na yule mwenye kanzu. Ukimaliza hapo, ndipo tutalizungumza swali."

Mwanangu, nimewahi kumsukuma kiboko kwa upondo, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuikanyaga baraza ya nyumba ile. Nikapiga magoti. "Shikamoo, bwana mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa samaki."

"Ndiye mimi. Samaki wale niliwatunga. Hukuletewa kitu. Naomba unisamehe."

Akauliza, "Kwa hiyo unakubali ndugu yako alikosea hesabu."

"Hapana, bwana mwalimu. Nimekuja kurudisha uongo wangu. Ukweli wangu nabaki nao."

Akasema jibu limeandikwa kitabuni, kitabu kimetoka juu, na yeye si mtu wa kubadili kitabu. Lakini hakunifukuza. Nikatoka, nikaenda mtoni, na kila niliyempandisha mtumbwini nikamwambia, "Ile habari ya kambale nilidanganya." Wengine walinitukana. Mama mmoja alisema, "Ah, na ilikuwa tamu!" Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Siku ya saba ikaja habari kwamba Bwana Mkubwa wa boma la Mahenge, yule Mjerumani, anashuka kwenda Ifakara. Njia ni moja tu, kivuko changu. Asubuhi nikawavusha akida, karani na mtahini kwenda ng'ambo, upande wa Mahenge, kumpokea. Mponda alikuwa ameshatangulia ng'ambo ileile, amekaa ufukweni, mkeka wake wa safari tayari umefungwa.

Bwana Mkubwa akatokea na askari na mizigo. Alikuwa mtu mrefu, uso mwekundu kwa jua, Kiswahili chake cha kuamrisha. Nikasogea nikiwa na upondo wangu. 

"Bwana Mkubwa, nina shauri."

"Sema. Upesi."

Akida akaruka mbele. "Bwana, huyu ni mwongo, alisema uongo barazani!"

"Kweli?" Bwana akaniuliza.

"Kweli. Nilisema uongo juu ya samaki, na nimeurudisha. Swali halikuwa uongo. Naomba watu kumi na wanane niwavushe, uone."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alitaka kucheka baada ya kutembea siku mbili. Akahesabu wapagazi na askari kumi na wanane, wakapanga mstari. Nikauliza kwa sauti kila mtu asikie, "Bwana mwalimu, mtumbwi unachukua watu wangapi?"

Mtahini akajibu, "Sita."

Nikawapakia sita. Mtumbwi ukakaa chini, maji yakabaki vidole viwili kuingia. Nikashika upondo wangu, nikabaki nimesimama nchi kavu.

"Haya," nikawaambia, "nendeni."

Wale sita wakatazamana. Askari mmoja akauliza, "Twende na nani?"

Bwana Mkubwa akafoka, "Mbona hupandi?"

"Wametimia sita, Bwana. Nikipanda mimi tunazama."

"Basi mmoja ashuke!"

"Akishuka mmoja, wanavuka watano. Ndivyo kaka yangu alivyoandika, na kwa hilo anakwenda pwani na mzigo."

Bwana Mkubwa akautazama mtumbwi, akawatazama wale waliobaki kwenye mstari, nikamwona midomo inahesabu. Akamwambia mtahini alete swali. Likasomwa. Akauliza kama labda mvushaji ni mmoja wa wale kumi na wanane. Mponda, pale alipokaa, akasimama akasema, "Hata hivyo ni nne, Bwana. Wanabaki kumi na saba, kila safari watano." Bwana akahesabu tena. Kisha akasema neno la kwao ambalo silijui, lakini halikuwa la kanisani.

Mtahini ndiye aliyenishangaza. Hakungoja aulizwe. Akasema, "Bwana, swali lina kosa. Nimelisoma miaka mingi na sikuliona."

Hukumu ikatolewa palepale kwenye tope. Swali lifutwe. Vijana wote wanne, Salehe akiwemo, waandike mtihani mwingine Jumatatu, na hakuna jina litakalokwenda kwenye orodha ya wapagazi kabla ya hapo. Kisha akaninyooshea kiboko chake. "Na wewe. Kwa uongo wa barazani, utafyeka njia kutoka kivukoni mpaka Ifakara. Peke yako."

Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Na nilifyeka, mwanangu. Viganja vilipasuka, kupe wa majani walinila, waliopita walinicheka, na nilifyeka mpaka mwisho. Ilikuwa adhabu ya haki, na sikuona aibu, maana Mponda alikuwa amefaulu mtihani siku ya Jumatatu. Alifundisha kijiji cha Mofu mpaka nywele zikawa nyeupe. Mimi nilichojua cha kusoma, alinifundisha yeye.

Sasa sikiliza ninachokuambia wewe. Nenda mahakamani. Usiogope kwamba wao wana vyeti na wewe huna kazi. Aliyetunga swali ni mtu, na mtu hukosea. Lakini chukua lile swali bovu, lililo bovu kweli, ulishike kwa mikono miwili. Nimesikia wenzako wanasema pia kwamba watahini walihongwa, kwamba karatasi ziliuzwa, kwamba fulani ni shemeji wa fulani. Umeona? Una shahidi? Huna. Basi usilipeleke. Hakimu atakubana kwenye lile usilolijua, na lile unalolijua litaanguka pamoja nalo. Na kama umeshalisema, rudi ulifute kwanza, kwa mdomo uleule, mbele ya walewale, hata kama watakucheka. Usimtukane aliyekutahini. Mpe nafasi ya kukubali kosa bila kuvuliwa nguo. Na ukihukumiwa kwa lako ulilokosea, tumikia bila kununa, ila dai lako usiliachie hata kidogo.

Mungu akupe kifua kigumu na ulimi mwepesi kukiri. Akukalishe mbele ya hakimu anayejua kuhesabu. Akufikishe darasani, watoto wasimame wakuamkie, na wewe uwaulize maswali uliyoyapima kwanza kwa mikono yako. Nenda, mwanangu, na baraka zangu ziko mgongoni mwako.